Alkalinity ilishuka kila Jumamosi, na jibu lilikuwa jikoni kwa Mama

Wakuu, niaje. Poleni na baridi. Leo naleta kisa cha maji ya chumvi na sitaongeza hata tone. Anayetaka kucheka acheke, mimi mwenyewe nilicheka, ila baada ya kulia.

Niko cyber hapa town na dakika zinakimbia, kwa hivyo mkiona spelling imeenda kombo mnisamehe.

Naishi mtaa wa Woodley na Mama. Baba alipofariki nilimtoa Mama mtaa wa Kabiria nikamleta kwangu, kwa sababu alikuwa ameacha kuongea. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anajibu tu "eeh" na "aai", halafu anarudi dirishani kutazama ukuta wa jirani. Na huyu ni mama ambaye zamani angekusema kuanzia gate mpaka jikoni! Nyumba ilinyamaza mpaka nikawa naogopa kurudi jioni.

Sasa mimi ugonjwa wangu ni bahari. Niliiona mara moja tu, trip ya shule, na sijapona mpaka leo.

Basi nikanunua tangi la kioo na mawe ya matumbawe. Rafiki yangu Njoroge, dereva wa lori, akawa ananiletea mitungi ya maji ya bahari kila Jumatatu akitoka Mombasa. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe nikapata kwa Bwana Suresh, mzee mwenye duka la samaki Biashara Street.

Siku niliyowasha taa ya tangi, Mama alivuta kiti akakaa. Ule mwanga wa bluu ulikuwa unatembea polepole usoni mwake. Akatoa sentensi nzima, ya kwanza tangu mazishi:

"Hawa wageni wametoka mbali. Wamekula?"

Jina likawa hilo. Wageni.

Wakuu, sijui kama mmewahi kukaa mbele ya maji yanayotembea wakati nje ukungu umeshika miti yote ya Ngong Road. Saa zinapotea. Hujui kama umelala au uko macho. Tulikuwa tunakaa hapo mimi na Mama kama watu wawili wanaoota ndoto moja, na humo ndani ya ndoto akaanza kuongea. Akanisimulia jinsi Baba alivyokuwa akicheza dansi vibaya. Akamtaja dada yangu Nyokabi, jina ambalo lilikuwa halijatamkwa nyumbani kwetu miaka mingi.

Nilikuwa na furaha, wacha niseme tu. Nilikuwa nimempata mamangu tena.

Wiki ya tatu Wageni wakaanza kupumua haraka haraka, hasa asubuhi. Konokono wa bahari aliyekuja na yale mawe akaanza kumomonyoka ganda, likawa jeupe kama chaki.

Nikatoa test kit ya alkalinity. Unatia tone moja moja kwenye kichupa cha maji ya tangi, unahesabu mpaka rangi igeuke kutoka bluu iwe njano. Maji ya bahari niliyoanza nayo yaligeuka kwa tone la nane. Haya yaligeuka kwa la tano.

Kwa wasiojua, alkalinity ni akiba ya maji. Uchafu wa samaki huleta uchachu polepole, na hiyo akiba ndiyo huuzuia. Ikiisha, maji yanageuka na viumbe wanaumia.

Nikakimbia kwa Bwana Suresh. Akanitazama juu ya miwani.

"Weka baking soda ya keki, kijiko kimoja. Koroga kwa maji kando, halafu mimina pole pole. Si magadi ya maharagwe, umesikia? Na si baking powder."

Nikafanya hivyo. Ikapanda mpaka saba. Jumamosi nikabadilisha maji kama kawaida, natoa ya zamani, natia ya mitungi. Jumapili napima, tano!

Wiki iliyofuata, hivyo hivyo. Inapanda, Jumamosi natia maji mapya, inaanguka. Yaani kadiri nilivyowapa bahari ndivyo walivyozidi kuugua. Wakuu, mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nikaamua Njoroge anajaza mitungi kwenye bomba la barabarani kisha anatia chumvi. Nikampigia nikamwambia maneno.

"Maina," akasema, "mimi huingia baharini mpaka magoti na suruali ya kazi kwa sababu yako, na wewe unaniita mwongo?"

Jumatatu nikapima mtungi kabla haujashuka kwenye lori, yeye amesimama hapo amekunja mikono. Matone manane. Niliomba msamaha huku naangalia viatu.

Alhamisi asubuhi samaki mmoja alikuwa amelala ubavu kwenye mchanga, anapumua kwa shida. Mama hakunywa chai. Aligeuza kiti akarudi dirishani.

"Zoea, Maina," akasema. "Vitu zangu huenda hivyo."

Nilienda kazini nikijua kwamba samaki yule akifa, Mama harudi tena.

Kesho yake, Ijumaa, stima ikapotea ofisini tukaachiliwa mchana. Nikafungua mlango wa nyumba, na nyumba nzima ilikuwa inanukia bahari.

Si utani. Madirisha yalikuwa yamejaa ukungu kwa ndani, hewa ina joto na chumvi, na mimi nikasimama pale na briefcase nikiwa mtoto wa trip ya shule. Nikafuata ile harufu mpaka jikoni.

Sufuria tatu kubwa zilikuwa zinatokota, na mitungi yangu iko wazi chini.

"Mama, unafanya nini?"

"Nachemsha."

"Hii maji ya samaki?"

"Si kila Ijumaa nachemsha ikipoa narudisha? Ama ulitaka niwapee maji mbichi? Wageni?" Akanigeukia. "Wewe umesahau Nyokabi?"

Sijamsahau. Alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na mbili. Alirudi na kiu kutoka kucheza, akachota kwenye mtungi ambao haukuwa umechemshwa. Taifodi. Tangu siku hiyo hakuna tone bichi limepita mkononi mwa Mama kwenda kwa kiumbe yeyote.

Nikachungulia sufuria moja. Chini kulikuwa na ukoko mweupe. Nikakumbuka nilimwona Ijumaa nyingi akisugua sufuria kwa steel wool, nikadhani ni ya uji.

Wakuu, ule ukoko ndio uliokuwa alkalinity yangu. Maji ya bahari yakichemka, ile akiba inatoka majini na kugandia sufuria. Mama alikuwa anaisugua na kuimwaga kwenye sink, mimi Jumamosi nawapa Wageni maji yaliyobaki.

Sasa unamwambiaje? Mama aliyezika mtoto kwa maji yasiyochemshwa, utamwambia leo kwamba kuchemsha ndiko kunaua?

Nilikaa sakafuni nikamweleza polepole. Akazima moto.

"Kwa hivyo ni mimi."

"Ni sisi wawili, Mama. Mimi niliona sufuria na sikuuliza."

Akalia. Nikajua hawalilii samaki. Nami nikashindwa kujizuia.

Ulikuwa umebaki mtungi mmoja ambao hajaugusa. Aliponyamaza akasema, "Nipe jagi." Akachota, akaenda mpaka kwenye tangi. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye kapeti. Alisimama hapo muda mrefu sana, jagi liko hewani. Kisha akafumba macho, akaita Mungu, akamimina.

Jumapili, matone sita. Wiki mbili baadaye, manane. Wageni wote wawili wako hai, hata yule wa mchangani.

Nilichojifunza: pima maji kila hatua yanapopita, si kwenye tangi tu. Na kabla ya kumpigia mtu wa mbali kelele, uliza wa nyumbani kwa upole. Chai na maji ya kunywa bado tunachemsha, hapo Mama hataki mjadala.

Jumamosi iliyopita nilimkuta ametumbukiza mkono mpaka kiwiko, mmoja wa Wageni anapita katikati ya vidole vyake. Hakugeuka.

"Nyokabi angependa hawa," akasema.

Haya, wenye matangi, kwenu ni nani hugusa maji kabla yenu? Mlishawahi kumuuliza kwa nini? Semeni hapa chini, nitasoma zote.