Mguu wa Kushoto wa Suruali

Mume alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mtu wa utani, na utani wake mkubwa ulikuwa juu ya mguu wake mwenyewe. Karibu na goti la kushoto, upande wa ndani, alikuwa na nundu ngumu iliyoshikamana na mfupa tangu utotoni. Aliiita Pacha. "Mimi na Pacha tumechoka," husema akirudi kutoka kazini, kisha anajitupa kitini.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Siku za mwanzo za ndoa, mama mkwe alimvuta jikoni akampa maneno aliyoyapokea zamani kwa daktari: uvimbe ule ulikua pamoja na mtoto, na mtoto alipoacha kurefuka, nao ukalala. "Uache ulale, mwanangu. Ila ukiamka naye ni mtu mzima, ukanenepa au ukauma bila kuguswa, usingoje. Mpeleke."

Basi ukaamka, na wa kwanza kujua alikuwa fundi.

"Suruali imerudi, mama watoto. Maji yameila mguu wa kushoto," mume alisema akimkabidhi nguo ya kazi. Lakini maji gani yanayokula mguu mmoja? Mke akazungusha futi yake ya kupimia kwenye magoti ya mume, akasoma: la kushoto lilizidi la kulia. Hapo akafanya kosa ambalo fundi cherehani tu angeweza kulifanya. Alifumua mshono, akaachia kitambaa kilichokunjwa ndani, akashona upya. Suruali ikakaa vizuri, na mume akamsifu. Baadaye ikabana tena, naye akaongeza kipande ubavuni, kwa uzi wa rangi ileile.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wahenga walisema hivyo wakimfikiria mgonjwa, hawakumfikiria mke wa mgonjwa. Huyu aliogopa mpaka chakula kikamkataa. Kila lilipomjia neno hospitali, aliona msumeno. Alijidanganya kwamba mume amenenepa, na mguu wa kulia ukimsuta.

Asubuhi moja alimkuta mume amekaa ukingoni mwa kitanda, hajavaa, anasugua paja.

"Pacha ameamka vibaya leo," akasema, na kucheka hakucheka.

Neno lile lilimchoma mke. Maneno ya mama mkwe yakamrudia yote. "Leo huendi kazini," akamwambia. "Tunakwenda hospitali."

Daktari, dada mmoja mpole, aliubonyeza uvimbe pande zote. "Umeongezeka siku hizi?"

"Hapana, daktari. Huyu nimekua naye, yuko vilevile." Hakusema uongo. Suruali ilipobana alilaumu maji, na ilipopanuliwa haikumwambia kitu.

Mke aliushika mkoba kwa nguvu. Akinyamaza sasa, watarudi nyumbani wakicheka, na atamzika mtu huyu. "Umekua," akasema. "Nimeipanua suruali mara mbili, mguu wa kushoto peke yake. Sikumwambia."

Mume akamgeukia. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha mdomoni.

"Uvimbe mwingi wa namna hii hauna neno," daktari alisema. "Lakini unaokua kwa mtu mzima na kuuma akiwa amepumzika, hatuubahatishi. Tupige picha leo, halafu tutatoa kipande kidogo tukipime."

"Mtamkata mguu?"

"Bado sijui, mama. Ndiyo maana tunapima."

Kipande kikatolewa, wakaambiwa warudi nyumbani wasubiri majibu. Kusubiri huko kulikuwa kubaya kuliko kujua. Mume aliichukua ile suruali akaiweka juu ya cherehani.

"Rudisha mshono ulipokuwa."

"Itakubana, baba watoto."

"Inibane. Ingeendelea kunibana, ningejua." Alisema taratibu, bila hasira, na upole ule ulimuumiza mke kuliko matusi.

Akaketi. Akafumua kipande alichoongeza, akalaza kitambaa, akashusha sindano, akaweka mguu kwenye pedali. Mguu wake ukakataa kukanyaga mshono wa kumbana mumewe.