Koleta anashuka na tangawizi kufuata jua la Maore

Saa moja asubuhi ukungu bado umelala juu ya migomba ya kijiji cha Mamba, milimani. Koleta Zephania anaingiza mkono chini ya turubai, anatoa kipande cha tangawizi na kukikunja. Kinapinda. Tangawizi iliyokauka haipindi, inavunjika.

"Hii ni ya Jumatatu na leo Alhamisi," anasema. "Ikibaki hapa itaota kuvu. Ikiota, hakuna wa kuinunua."

Koleta, 47, ndiye mkaushaji wa kikundi cha wakulima wa tangawizi kijijini kwake. Wenzake wanachimba, yeye anaosha, anakatakata na kuanika. Hulipwa shilingi mia tano kwa kila kilo kavu, na kilo moja kavu hutokana na kilo tano mbichi. Mnunuzi akikataa mzigo, halipwi. Mwaka jana magunia mawili yalikataliwa. Kikundi kimemwambia wazi kwamba ikijirudia, kazi atapewa mwingine.

Na msimu si mzuri. Jumapili redio ilisoma mwelekeo wa hali ya hewa hadi Agosti: baridi kuliko kawaida milimani, mvua za manyunyu, theluji kileleni Kilimanjaro. Kwenye tambarare kutakuwa kukavu.

Kutoka uani kwa Koleta, Kilimanjaro hauonekani. Baridi yenyewe imeshafika.

"Theluji ikianguka Mamba tutaikoroga na sukari," anatania Wilbard, mwenyekiti wa kikundi, aliyekuja kukagua. Kisha naye anakunja kipande. Utani unaisha. "Mama Irine, hii hapana."

"Nimeona. Nashuka nayo Maore."

"Kwa mkwe?"

"Wewe unamjua mwingine mwenye jua?"

Maore iko chini ya milima. Irine, binti wa Koleta, ameolewa huko na Reginald, na uwanja wa mama mkwe wake, Priska, unapigwa jua kutwa nzima. Tatizo ni kwamba msimu huu Priska anaanika mpunga uwanjani hapo. Na kwa desturi ya huku, mkwe humwombi ovyo, wala yeye hakukatalii.

Mchana bodaboda inamshusha Koleta na viroba viwili vya tangawizi, ndizi za mkwe amezipakata.

"Karibu, mkwe. Uwanja ni wako, anika tu," anasema Priska, na chai inaletwa.

Koleta anatandaza vipande pembeni mwa mpunga. Baada ya muda Priska anavuta turubai lake la mpunga kidogo. Halafu analivuta tena. Koleta anaona, anaendelea kutandaza.

Irine anamwita mama yake jikoni.

"Mama, safari ile ulipoanika hapa, wali wetu ulinuka tangawizi. Wageni wa Reginald walidhani wamepikiwa pilau, wakawa wanatafuta nyama."

"Na hukuniambia?"

"Mama mkwe alinikataza. Alisema utaona aibu."

Koleta anatoka moja kwa moja hadi uwanjani. "Mkwe, tangawizi yangu inaharibu mchele wako. Nahamia nyuma ya zizi."

"Aka! Kule kuna mbolea!"

"Nitatandika maturubai mawili."

Priska anacheka mpaka anajishika kiuno. "Basi ngoja nikusaidie kubeba, maana nilikuwa nimeshachoka kuvuta turubai."

Jua la Maore halipotezi muda. Jumamosi mchana Koleta anampigia Wilbard simu, anasogeza kipande karibu na simu na kukivunja.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Lete."

"Naleta. Waambie wasichimbe nyingine mpaka niseme. Ikae ardhini, nikipata pa kuanikia nitashuka na nyingine."

Viroba viwili vimepona, na kazi bado ni yake. Lakini baridi haijafika hata katikati, na nyuma ya zizi hapatoshi mzigo wa kikundi kizima. Koleta anataka kukodi kiwanja chake cha kuanikia hapa Maore kabla ya Julai. Reginald amejitolea kumpa pembe ya shamba lake bure. Koleta amekataa.

"Nataka kwa mtu baki," anasema huku akifunga viroba. "Mtu baki ukimuudhi atakufukuza, utajua. Mkwe ukimuudhi anakuletea chai."