Siku Nilipowanyoa Wachezaji wa Baba Mkwe

Jamani, hii habari huko Zuzu, kijijini kwa wakwe zangu, inasimuliwa hata na watoto wa chekechea, kwa hiyo bora niwaambie mwenyewe, tena niwaambie yote, maana kila nikiisikia kwa watu nakuta wameitia chumvi mpaka eti nilizimia (sikuzimia, nilikaa chini tu).

Baba mkwe wangu ni Mzee Ndahani, mstaafu wa reli. Mtu mwema, sikatai, lakini tangu nimuoe binti yake Agnes hakuwahi kuniita mkwe hata siku moja. Wenzangu waliooa dada zake Agnes wakifika ni "mkwe karibu", "mkwe sogea kwenye nyama". Mimi nikifika na shikamoo yangu ya kuinama mpaka kiuno kinalia, naitikiwa marahaba, halafu anageukia ndani, "Agnes, yule bwana wako amekuja." Yule bwana wako! Kama nimekuja kusoma mita ya maji! Iliniuma sana, nikawa natafuta njia yoyote ya kulitoa hilo neno moja kinywani mwake.

Sasa mzee ana hazina yake, kadi kumi na mbili za picha za wachezaji mpira wa zamani wa ng'ambo, zile zilizokuwa zikiwekwa ndani ya pakiti za majani ya chai. Aliachiwa ujanani na fundi mmoja wa kigeni waliyefanya naye kazi relini. Wachezaji wenyewe wana bukta fupi, na nywele za afro zimejaa picha nzima mpaka zinagusa ukingo. Anazitunza kwenye kopo la maziwa, na kila Jumapili anazitoa, wajukuu wanazipitisha mkono kwa mkono huku yeye anawasimulia.

Basi siku moja nikaona kwenye simu video ya mzungu kashika kadi kama zile, imefungwa ndani ya kiboksi kigumu cha plastiki, juu ina kibandiko chenye alama, na mzungu analia kwa furaha. (Nilimtazama anavyolia, alama sikuitazama, na hilo mtaliona mbele.) Nikaulizauliza, nikaambiwa huko kuna kampuni ambazo kazi yake ni kukagua kadi za zamani na kuzipa alama, na ikipata alama nzuri mwenye nayo anaheshimika. Nikasema hapa hapa, ukwe wangu ndio huu.

Nikaenda kumwomba mzee. Akanitazama weee.

"Utazirudisha?"

"Nitazirudisha, baba, tena na alama zake juu."

Akanipa kopo, lakini mkono wake haukuliachia, ilibidi nivute kidogo.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini nilipozitazama vizuri nikaona kingo zimechakaa na pembe zimelika, na mnajua tulivyolelewa, mgonjwa hapelekwi hospitali hivi hivi, anaogeshwa kwanza, anapakwa mafuta, anavalishwa nguo ya kutokea, hata kama hali ni mbaya. Nitawapelekaje wachezaji wa mzee mbele ya wazungu wamechoka namna ile? Nikapita nazo stesheneri pale mjini, kwa yule jamaa anayekata picha za paspoti.

"Nizinyooshe?"

"Zinyooshe, kaka."

Akaziweka kwenye kile kisu chake cha mezani cha kukatia karatasi, kraa, kraa, kraa, zikatoka zimenyooka na pembe kali. Niliona kabisa kwamba mshambuliaji kapungua nywele, na vidole vya golikipa vimebaki mezani, lakini nikajiambia, nani huko ng'ambo atahesabu vidole vya golikipa?

Binamu yangu aliyekuwa anasafiri akazibeba, miezi ikapita, kifurushi kikarudi. Mtu mwenye akili timamu angefungulia chumbani kwake. Mimi nikasema hakifunguliwi mpaka Zuzu, mbele ya ukoo mzima! Nikakodi spika, nikamchukua Lameck, mwenzangu wa ofisini Chamwino ambaye anajiona MC, mbuzi akachinjwa, majirani na mchungaji wakaja na viti vyao, nami nikavaa suti (suti, jua la saa nane, Zuzu, mnanielewa?).

"Mbukwenyi!" Lameck akaunguruma, akiwasalimu kwa Kigogo. "Leo mtaona! Mtoto wa Busi kawapeleka wachezaji ng'ambo na kawarudisha!" (Mtoto wa Busi ndiye mimi.)

Nikachana kifurushi. Viboksi vinang'aa! Nikainua cha kwanza, namba juu yake ni moja. Cha pili, moja. Cha tatu, moja. Vyote moja! Sasa jamani, sisi tumesoma shule gani? Moja si ndiyo ya kwanza? Si divisheni wani? Nikapaza sauti, "Namba moja! Zote namba moja!"

Vigelegele hivyo! Mama mkwe akacheza, jirani akanivisha kitenge begani, nikazungushwa uwanja mzima. Na Mzee Ndahani mwenyewe akainuka kitini, akanijia mkono kaunyoosha, midomo ikaanza kufunguka, na naapa nililiona lile neno linakuja.

"Shemeji, subiri kidogo." Alikuwa Neema, mdogo wake Agnes anayesoma chuo, simu mkononi. "Kwenye tovuti yao wanasema alama ya juu ni kumi."

"Na moja je?" nikauliza, na Lameck (Mungu anamwona) akanisogezea kipaza sauti.

"Moja ndiyo ya mwisho. Maana yake mbovu."

"Hao wana wivu!" nikapinga.

"Na hapa chini wameandika kwamba kingo zimekatwa kwa kisu."

Muziki ukazimwa. Jirani akaja taratibu, akachukua kitenge chake. Mzee akakiinua kiboksi kimoja mpaka karibu na jicho.

"Nani kamnyoa huyu?"

Watu wote wakanigeukia mimi.

"Huyu alikuwa na nywele mpaka hapa! Na huyu golikipa, vidole viko wapi? Atadaka na nini?"

Hapo ndipo nilipokaa chini, nikaeleza yote, stesheneri, kisu, kila kitu, watu wakacheka mpaka wakashikana. Lakini kilichonikata maini ni kumwona mzee anajaribu kuitoa kadi awape wajukuu, haitoki, anageuza huku na huku, anajaribu kwa ukucha. Nilijisikia vibaya, jamani. Nikaomba nyundo. Nikapiga magoti na suti yangu, nikavunja viboksi kimoja kimoja juu ya jiwe, plastiki zinaruka, kipande kikatua kwenye mchuzi wa mchungaji, mpaka kadi zote zikatoka.

Wajukuu wakazipokea. Mzee akakohoa, akaanza kusimulia.

"Huyu alikuwa hatari sana, kabla hajapelekwa saluni."

Ndipo akaingia mgeni mmoja aliyechelewa, akanikuta nimepiga magoti, suti imejaa vumbi, nyundo mkononi.

"Mzee Ndahani, na huyu ni nani?"

Mzee hata hakugeuka.

"Huyo? Huyo ni mkwe wangu. Kinyozi."

Na ndivyo ninavyoitwa Zuzu nzima mpaka leo, Mkwe Kinyozi, naitika bila kinyongo. Ila nimeapa: kitu cha mtu kikichakaa, nakiacha na uchakavu wake, na kwa mzee siendi na kitu chochote chenye makali, hata kucha nazikatia nyumbani.