Siku Niliyomuua Mzee Kioko

Nichekeni tu, maana hata mimi bado najicheka.

Ofisi yetu ya ushirika hapa Machakos ilikuwa na kompyuta moja, na mimi karani ndiye niliyeitumia. Rafiki yangu alinipa mchezo wa vita na majoka, unaochezwa kwa zamu kama drafti. Ramani yake ilibuniwa na shabiki mmoja aliyependa kutesa wenzake. Mashujaa ulikuwa unawapa majina mwenyewe, basi mimi nikawa Mfalme, na mkubwa wetu, Mzee Kioko, nikamfanya jemadari.

Saa ya chakula joka likanibana kwenye kona. Nikamtanguliza Kioko, nami nikatoroka. Nikampigia rafiki yangu simu: "Mzee Kioko amekufa! Hata hakupigana!"

Sikujua Mama Mwende wa chai yuko mlangoni. Mzee alikuwa ameenda Mitaboni kwa pikipiki tangu asubuhi.

"Aiya!" Trei ikaanguka. Punde chumba kikajaa wafanyakazi wanaolia, mhasibu akaanza kuomba. Ningesema nini, kwamba nacheza kazini? Nikainamisha kichwa, nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

"Mnaombea nani?"

Ni Mzee Kioko, amejaa vumbi, kofia ya pikipiki mkononi. Mama Mwende akaninyooshea kidole, nami bila kufikiri nikaitazama kompyuta. Mzee akavaa miwani, akainama, akasoma polepole: jemadari Kioko ameliwa, Mfalme yuko salama.

"Na huyu Mfalme," akaniuliza kwa upole, "ni nani?"