Safari ya Kumleta Mwalimu wa Simba Kutoka Deira

Mwenzangu, wewe nakuamini, kwa hiyo nakusimulia bila kuficha. Ijumaa ile nilitumwa Deira kuchukua sanamu ya marumaru ya Mahavira, mwalimu mkuu wa dini ya waajiri wangu, ndogo, urefu wa chupa ya maji. Nyumba ninayofanyia kazi, huku Silicon Oasis, Dubai, ni ya Wajaini, Wahindi ambao dini yao inakataza kuua kiumbe chochote, na jioni wageni walikuwa wanakuja kumwona. Madam akasema, "Mlete salama, halafu tuongee habari ya likizo yako." Likizo hiyo nimeiomba miezi mitatu. Neema wangu, kule nyumbani, anapata kipaimara mwezi ujao, na mama yake ni mimi, si simu.

Saa tatu asubuhi nikapanda basi, rozari mfukoni. Nikamwambia Mungu, "Baba, naenda kubeba tu, siendi kusujudu."

Deira, dukani kwa Bharat. Huyu ni mpwa wa Ba, mama mkwe wa madam. Wote wawili wamezaliwa Mombasa, Kiswahili wanakimwaga. Sijaingia hata, Bharat akapiga kelele, "Simama hapo, mama! Viatu na mkoba nje. Ngozi haiingii. Walimu hawa hawakuua hata sisimizi."

Ndani, walimu ishirini na wanne kwenye rafu, wamekunja miguu, wametulia kama watu wasio na watoto. Na wote sura moja!

"Mahavira ndiye yupi?"

"Usiangalie uso, utapotea. Angalia chini ya kiti."

Kweli, kila mmoja na alama yake: fahali, kobe, nyoka. Wangu ana simba, mdogo kama kidole gumba.

"Ni miungu?"

"Ni walimu. Walivuka mto wa kuzaliwa na kufa, wakatuonyesha pa kuvukia." Akamfunga kwa kitambaa cha pamba.

Kurudi, basi limejaa. Dereva akakanyaga breki, Mahavira akataka kuniponyoka. Kabla sijafikiri, nimeshamtumbukiza kwenye mkoba. Ngozi ya ng'ombe, mwenzangu! Jasho likanitoka kwenye AC.

Saa nane nikafika. Nilimtoa mkobani kwenye lifti, hakuna aliyeona. Ba akampokea kwa mikono miwili. Ningenyamaza, likizo ndiyo hiyo. Mdomo ukakataa.

"Ba, nimembeba kwenye ngozi."

"Khalas, yamekwisha!" madam akashika kichwa. "Na wageni wanakuja saa kumi na moja!"

Ba akaniangalia. "Nani alikuona?"

"Hakuna."

Akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. "Sasa ulikuwa unasema ili iweje, we mama? Lete maji, tumwoshe. Bado hajaombewa dua ya kumweka wakfu, maji yanatosha." Akamgeukia madam. "Na wewe mkatie tiketi ya kwao leo. Msema kweli huyu si wa kuzungushwa."

Asubuhi nilitoka nimejifunga kuilinda imani yangu tu. Nikajifunza kwamba na ya mwenzio, ukikabidhiwa, unailinda vilevile.

Msimulie na dada yeyote anayekuja huku kutafuta kazi. Mwambie aulize kwanza nyumba inaheshimu nini, ndiyo aulize mshahara.