Ndege Ikinenepa

Mume wangu alipoingia kuniambia kwamba anashona ndege, nilikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa, nusu bado. Mteja alicheka mpaka nikamshika kichwa asiniharibie mistari. Mimi nilikausha. Nilikuwa nimeishi na yule bwana miaka ya kutosha kujua kwamba akichekwa ndipo anapozidi.

Tulikuwa na chumba kimoja cha biashara pale Yeoville, tumekigawa kwa pazia. Mbele cherehani yake, nyuma viti vyangu vya kusukia. Yeye ni mtu wa Kalemie, mimi wa Kigoma. Tumekulia ng'ambo na ng'ambo za ziwa moja, na ilibidi twende mpaka Johannesburg ndipo tuonane. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Hata mimi, nikiwa nimefurahi, nilimwita hivyo. Nikiwa nimeudhika nilimwita Baba watoto.

Mambo ya ndege yaliletwa na bibi mmoja wa Kizungu wa mtaa jirani wa Observatory. Alikuja kushonewa gauni la mtindo wa enzi za vita kuu, mabega yamevimba, mkanda kiunoni, vifungo mpaka chini. Kumbe ilikuwa sare ya sherehe. Kule kaskazini, ukishaipita Midrand, kulikuwa na uwanja wa zamani wa ndege za vita uliogeuzwa makumbusho, na wazee wastaafu waliojitolea kuutunza walifungua milango kwa watu wote mara nne kwa mwaka, msimu unapobadilika. Wakati wa baridi walikoka moto na kugawa supu. Majira ya kuchipua ndiyo yalikuwa makubwa: ndege zilitolewa nje, injini zikawashwa, na watu walikuja wamevaa kama babu na bibi zao.

Mume wangu alipeleka gauni mwenyewe, akawakuta wazee watatu wanagombana mbele ya mkia wa ndege. Ndege ile ya zamani, mkia wake ulikuwa mifupa ya mbao iliyovishwa kitani, na kitani kilikuwa kimeoza. Kitani kipya na uzi walikuwa navyo, ila macho hayakuona tena tundu la sindano na mikono ilitetemeka. Mume wangu akachukua sindano, akatia uzi mara moja. Toka hapo hatukulala.

"Mama," aliniambia, "ile ndege ya bale bazee, mi njo nitaivalisha."

Angeishia kwangu ingekuwa nafuu. Jumapili akasimama kanisani wakati wa matangazo, kati ya mazoezi ya kwaya na taarifa ya msiba, akatangaza. Kanisa likaangua kicheko. Kiongozi wa kwaya, mama mmoja mnene wa Lubumbashi aliyeshonewa kila gauni lake na mume wangu, aliuliza kama ndege itawekewa lasi shingoni. Mume wangu akapandwa na mori. Akawaalika wote, siku ile ya sherehe, waje waione mishono yake kwa macho yao. "Kama hamutaiona," akasema, "musiniite tena Fundi."

Hawakungoja hata hiyo siku. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unamwita Pilote. Kiongozi wa kwaya alikuwa wa kwanza, tena alipita dukani makusudi kulitamka jina hilo. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilimuuliza kama rubani atakula ugali au achemshiwe ndizi. Akala nusu, akarudi kwenye cherehani, na hapo nikajua imemwingia.

Jumamosi ya kupima nguo nilimfuata, kwa kweli ili nione kama kuna ndege. Ilikuwepo, imekaa kwenye banda kubwa lenye baridi kuliko nje. Mume wangu akatoa mfuko wa kitani alioushona, akauvisha ule ubao wa mkiani unaogeuza ndege kushoto na kulia. Ukaning'inia. Ulikunjamana kila upande, kama mtoto aliyevaa koti la baba yake.

Mzee mkuu, mhandisi mstaafu mwenye nyusi nyeupe, aliubana ule ulegevu kwa vidole, akauliza kwa nini. Mume wangu akamjibu kwa Kiingereza chake, bila haya, kwamba ameacha vidole viwili vya akiba pande zote, ikiwa mteja atanenepa.

Ni kweli. Hakuna nguo iliyotoka kwenye mashine yake bila vidole viwili vimekunjwa ndani. "Mutu anakulaka, ananenepa, nguo inabakia ileile," ndivyo alivyowaambia wateja wote. Na alikuwa na mkunjo wake, anaulaza mara mbili na kuushika kwa mishono ya kuvuka, ambao sijauona kwa fundi mwingine.

Mzee aliitazama ndege kuanzia pua mpaka mkia. "Haijanenepa tangu vita viishe," akasema.

Nilicheka mpaka nikatoka nje ya banda. Mume wangu hakucheka. Alifumua usiku na mchana wiki nzima, akaubana upya.

Siku ya sherehe kombi ya kanisa ilifika imejaa, nguo zote za Jumapili, kiongozi wa kwaya mbele. Bibi wa Observatory alipita na gauni lake akitupungia mkono. Ndege ikasukumwa juani. Wazee walikuwa wameupaka mkia dawa ya kukaza kitani, inayonuka kama rangi ya kucha ya saluni yangu, wakabandika utepe juu ya mishono, kisha rangi ya kijani. Ulikuwa laini kabisa. Hapakuonekana mshono hata mmoja.

Watu wetu waliuzunguka mara mbili.

"Pilote," kiongozi wa kwaya akasema, "mushono iko wapi?"

Mume wangu alikuwa amevaa suti yake ya harusi. Nilimwona akiushika mkia kwa kiganja kizima, na nikajichukia kwa kila neno nililowahi kumtania. Hata mimi, kama nisingekuwepo bandani, nisingeamini.

Mzee wa nyusi nyeupe alikuwa amesimama karibu. Kiswahili hakujua, ila nadhani uso wa mume wangu ulimtosha. Akapiga magoti kwa taabu, akafungua kifuniko kidogo chini ya ule ubao wa mkiani, mahali mafundi wanapochungulia ndani. Akatoa tochi mfukoni, akampa kiongozi wa kwaya.

Mama wa watu akainama na gauni lake lote. Akamulika. Kisha akapenyeza vidole ndani, akapapasa, kama anavyopapasa pindo la gauni jipya kabla hajakubali kulichukua.

Nikamgeukia mume wangu. "Ile akiba hukuikata yote?"

"Ya huku chini niliiacha," akanong'ona. "Muzee aliona. Akasema hii ndege hairuki tena, angalia tu isisumbue. Akasema, nani anajua, inaweza kunenepa."

Kiongozi wa kwaya aliinuka polepole, magoti yana vumbi. Alimrudishia mzee tochi yake. Kanisa zima lilikuwa linamtazama yeye, na mume wangu alikuwa anatazama chini.

"Ni mukono yake," akawaambia. Kisha akamsogelea mume wangu, akashusha sauti, lakini mimi nilisikia. "Fundi, ile gauni yangu ya Pasaka. Jumatatu nitakuletea, uifungue kidogo."