Debe la Kilimarondo

Mpaka leo nikisikia bati likigongwa, naacha ninachofanya na kuinuka. Kule Kilimarondo, miaka ya tisini, mahindi yalipoanza kubeba watoto tulishinda shambani kufukuza nyani. Silaha yetu ilikuwa debe bovu la mafuta, linanuka kutu na jasho la viganja. Dada yangu Somoe, aliyenizidi miaka miwili, kazi yake ilikuwa kuangalia. Yangu kugonga, tena nikiwa nimekimbilia kwanza mpaka wa mbali wa shamba. Maana Somoe akishtuliwa alianguka, macho yakageuka, kisha akaamka akiomba maji. Nyumbani walisema kifafa. Mjomba wetu naye alianguka ngoma za jando zilipolia ghafla, akafa palepale. Yeye walisema karogwa. Hakuna aliyeyaunganisha hayo mawili. Mama alimwamsha Somoe kwa kumshika kidole gumba cha mguu, polepole, na mimi alinionya: “Akianguka usimguse. Atainuka mwenyewe.”

Asubuhi moja Somoe alisinzia juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba. Nyani wakaingia, wengi, wanavunja mahindi mbele ya macho yangu. Niliogopa kuchapwa. Nikasahau kukimbia mbali, nikagonga debe palepale chini yake. Somoe aliinuka nusu, akalala tena. Nilipanda, nikakaa pembeni yake, mikono nimeibana mapajani, nikingoja ainuke mwenyewe. Nilikuwa mtoto mtiifu, Mungu anisamehe. Mama alipoleta uji alinikuta bado nangoja.

Sasa naishi Ruangwa mjini, na nina binti niliyempa jina la dada. Siku alipoanguka kwa honi ya lori, akaamka akiomba maji, sikumsikiliza mtu wa kifafa wala wa uchawi. Nilimpeleka hadi Dar es Salaam. Daktari alisema akishtuka mapigo ya moyo wake huvurugika, na kwamba ugonjwa huo ni wa kurithi. Akauliza, “Kwenye ukoo wenu kuna aliyekufa ghafla akiwa mdogo?” Nililia kabla sijajibu. Alimwandikia vidonge, akanifundisha kukandamiza kifua akianguka na kuacha kupumua, kwa nguvu, bila kungoja. Bila kungoja!

Dada yangu alikuwa na mkono wa mama tu. Binti yangu ana mkono na vidonge, na bado siamini. Kila asubuhi namshika kidole gumba cha mguu, nasikilizia ajikunyate. Akichelewa kidogo, mikono yangu imeshafika kifuani pake.